Mkate Ulioumuka

Saa moja kasoro ya jioni, kabla ya taarifa ya habari,
Łódź, ghorofa ya nne, mwaka ambao nyama ilikuwa na foleni
na foleni haikuwa na nyama,
tulikaa watatu kwenye kochi la rangi ya haradali.
Televisheni ilichukua muda wake kupata moto:
kwanza sauti, kisha chenga, kisha Kalunguyeye.

Kalunguyeye mwoka mikate. Aproni, kofia,
miiba imejaa unga kama paa la Januari.
Kila kipindi alitumbukia ndani ya pipa,
na mimi, miaka sita, pengo la meno mawili,
nilicheka hadi nikashikwa na kwikwi.

Baba hakucheka pipa.
Baba alicheka mahali ambapo hapakuwa na kitu:
pale Bata Mkaguzi alipohesabu mayai ya banda zima,
akapata kumi na mawili, akaandika mia mbili,
na kuku wote wakapiga mabawa, kwa zamu, kwa utaratibu.
“Vijana hawa watafungwa,” alisema, akipangusa machozi.
Nikawatazama kuku. Nikaona kuku.

Alicheka pia usiku ule
Kalunguyeye alipopeleka mkate dirishani kwa Kwale mjane.
Kwale akafunua kitambaa, akaubonyeza kidogo, akasema:
“Jirani, huu wako huumuka hata bila hamira?”
Taa ikazimwa. Mwezi ukajifunika wingu, kwa adabu.
Baba alijipiga paja.
Mama akaenda jikoni kuangalia birika
ambalo hakuwa amelibandika.

“Mnacheka nini?”
“Hamira, binti yangu. Hamira inachekesha.”
Basi mwezi mzima nikaitembeza shuleni,
hamira, hamira, nikingoja watu waanguke kwa kicheko.
Aliyecheka ni mmoja tu, Bi Pelagia wa ghorofa ya sita,
kwenye ngazi, kiganja mdomoni,
halafu akanipa peremende mbili nisiyaseme tena.

Redio. Nimesahau kuitaja redio ya Bi Pelagia.
Baba alikuwa fundi. Kila Alhamisi alipanda na bisibisi,
na redio ile haikupona miaka mitatu.

Leo nina arobaini na tatu.
Mwanangu Tymek amevumbua vipindi vyote kwenye tableti,
rangi zimechujuka, muziki unakwaruza,
na mimi nimelala ubavuni pake, nusu macho,
nikiwaza bili ya gesi,
mara Kwale anafunua kitambaa.

Walionena fumbo mfumbie mjinga
hawakusema mjinga hukaa na lile fumbo
miaka thelathini na saba, mfukoni, kama funguo ya nyumba iliyobomolewa.
Namfikiria aliyechora: vidole vya wino, studio isiyo na joto,
mshahara wa viazi. Namfikiria mkaguzi wa filamu,
mtu mzima, mhuri mkononi, aliyewatazama kuku
akaona kuku. Tulikuwa wawili basi, mimi na serikali.

Nacheka. Siwezi kujizuia, mkate wenyewe umechorwa vibaya mno,
umevimba upande, unahema.
Nacheka kwa sauti ya baba, ile ile, ya kukokota kifuani,
na katikati ya kicheko nasikia mlango wa jikoni,
maji yakimiminwa ndani ya birika
polepole, na mtu asiyekuwa na kiu.

Alijua. Alijua kabla ya Kalunguyeye kufika dirishani.
Na kila Alhamisi alimpigia pasi shati.

“Mama, unacheka nini?”

Miaka sita. Pengo la jino moja.
Naweza kumwambia hamira.
Namwambia: “Si huyo, katumbukia kwenye unga.”

Tymek anatazama kioo, ananitazama mimi,
anatazama kioo.

“Lakini bado hajatumbukia.”