Kitufe Kilicholika

Kwenye mgahawa wa Opaline, nje kidogo ya Amarillo,
mashine ya santuri ina kitufe kimoja kilicholika.
Namba imefutika. Vidole vinaijua.

Delbert huingia na buti zenye vumbi la pamba,
hutumbukiza sarafu, husubiri mkwaruzo wa sindano,
kisha gitaa la chuma huanza kulia
kama bawaba iliyonyimwa mafuta.

Mwimbaji alikwisha kufa.
Na yule mwanamke aliyemwacha, akabeba sanduku na mbwa,
huenda naye ni marehemu.
Lakini kila Ijumaa, kwa dakika tatu,
anafunga mlango tena,
anawasha gari tena,
na mvua inamkuta mwanamume yuleyule kizingitini,
hajavaa hata viatu.

Nikamwuliza Delbert: wewe nani alikuacha?
Akacheka, akaelekeza uma kwenye kaunta,
kwa Opaline, mkewe wa miaka arobaini na mmoja,
aliyekuwa akimkatia pai ya pichi, kipande cha upendeleo.
“Hakuna. Ila nani aijuaye kesho?
Nafanya mazoezi.”

Opaline alisikia. Hakujibu.
Alipangusa kaunta palepale palipokuwa pakavu,
midomo ikifuata kibwagizo bila sauti,
neno kwa neno, hadi penye jina.
Hapo akaweka lingine,
si la wimbo,
wala si la Delbert.

Lori langu lilikuwa likinguruma nje, safari ndefu.
Nikajipapasa mfukoni.
Sarafu ilikuwapo.