Ukurasa wa Arobaini na Moja

Soko la Jumapili, Łódź. Bi Ludomira
anauza vijiko, saa zilizokata roho,
na kitabu hiki cha picha, mgongo umeachia:
wanawake wa kiwanda cha nguo, zamu ya usiku,
nyeusi na nyeupe tu, na vumbi la pamba
kijivu juu ya kope zao.

Zloti kumi na mbili. Sikubishana.

Ukurasa wa arobaini na moja
msichana kaegemea mtambo, kamkazia macho mpigapicha
kana kwamba anamdai.
Ukingoni, kwa penseli, mwandiko unatetemeka:
"Sweta lilikuwa jekundu.
Nililifuma mwenyewe."

Nikarudi mbio. Kimetoka wapi?
"Sanduku zima," akasema, "la marehemu wa ghorofa ya tatu."
Akapekua, akanionyesha viganja vitupu.
"Sweta halikuwamo."