Karata za Mtu Mmoja

Suwedi alinitumia kwa simu kutoka Unguja:
kurasa sita, kila ukurasa picha tisa.
"Ami, zichape, uzikate, ucheze peke yako."
Peke yangu! Nikacheka mpaka mguu ukauma ndani ya plasta.
Karata hapa Wete ni watu wanne na kelele,
na wa tano nyuma ya bega, anayejua kila kitu.

Raya akazipeleka dukani kwa Shaibu.
Wino mwekundu ulikuwa umekwisha tangu mitihani ya skuli,
kwa hiyo damu ikatoka rangi ya jivu, na moto pia.
Nikazitazama: mfalme mwenye manyoya mabegani,
mbwa mwitu, mti mkavu,
na kitu cheupe kimefunika mapaa ya nyumba.
"Huu unga?" aliuliza Raya.

Kwanza gundi: uwanga, maji, moto mdogo,
koroga usiache, kama uji wa mtoto.
Kisha kartoni. Tulipasua boksi la majani ya chai,
na la sabuni, na lile la cherehani yangu nililoapa sitalitupa.
Nikabandika, nikalaza chini ya godoro, nikalalia usiku kucha,
fundi mzima nimegeuka pasi.

Asubuhi Raya akaninyooshea mkasi.
La hasha. Mkasi wa kitambaa haugusi karatasi,
hata mwenyewe akiwa kavunjika mguu.
Nikatumia wembe, na rula ya kupimia shingo za kanzu.
Hamsini na nne.
Nyingine zimekwenda upande;
kitambaa ningekificha kosa ndani ya upindo,
karatasi haina upindo.

Sheria zake sikuzifahamu hata nusu. Nikachukua peni.
Mfalme nikamwandika Sheha.
Mbwa mwitu, popo. Ule unga wa mapaani, mvua ya ghafla.
Ule mti mkavu nikauacha bila jina wala sheria.
Naujua. Nilianguka kutoka tawi lake la tatu.

Mchezo ni huu: karafuu zimeanikwa uani,
una mikono mitano ya kuzianua,
na rundo limelala kifudifudi linakungoja.
Zikitoka mvua tatu kabla majamvi hayajaingia ndani, umefungwa.
Nilifungwa Jumatatu. Jumanne nilifungwa mara nne.
Nilifungwa na kartoni niliyoikata mwenyewe,
niliyoilalia, niliyoipikia gundi.

Nje barazani naisikia dhumna ikipigwa mezani,
na Hamadi akiapa kwamba hakuchungulia.
Humu mwangu hakuna wa kuapiwa.

Na hapa ndipo penye siri:
karata moja ya mvua ina mgongo wa boksi la sabuni,
herufi mbili za kijani, nusu ya povu.
Naiona inakuja. Iko juu ya rundo, yanikonyeza.
Naweza kuichomeka chini, nani atasema?
Raya kalala. Paka hajui turufu.
Nilifanya hivyo mara moja. Karafuu zote zikaingia kavu,
nikashinda,
nikakaa na ule ushindi
kama mtu aliyerudishiwa chenji zaidi na muuzaji kipofu.

Siku hizi najifanya sijui.
Kidole chagusa povu la kijani, jicho latazama ukutani,
nafunua:
"Astaghfirullah, mvua!"
Na Raya, kutoka chumbani: "Wacheza na nani wewe?"

Plasta inatolewa Alhamisi.
Hamadi kesha niwekea kiti, asema mwenziwe wa sasa
hajui hata kuhesabu.
Ule mti haujatoka leo.
Umo ndani ya rundo, pahala fulani,
na mgongo wake ni wa boksi la chai
kama migongo mingine arobaini.
Nachanganya tena.