Ndoo Saba

Mteremko nilijifunza kwa magoti.
Kutoka kwetu Ilembo hadi mtoni
ni hatua mia nne na kumi na mbili, nilizihesabu,
na Juni, umande ukiganda juu ya pareto,
ni hatua mia nne na maanguko mawili.
Mama alikuwa na kipara kidogo utosini,
duara kamili, kipimo cha kata ya kubebea ndoo.

Kaka yangu Anyosisye alinizidi hesabu.
Hilo liandikwe kwanza.
Mwaka ule lumbesa la viazi liliuzwa kwa bei ya chumvi,
baba akakohoa mpaka masika yakaisha,
pesa ikatosha madaftari ya mtu mmoja.
Anyosisye akanitupia mkoba wake, wenye zipu mbovu,
akasema: Nenda wewe, mimi nasinzia darasani.
Uongo.
Hajawahi kusinzia hata kwenye mkesha wa msiba.

Chuoni Iyunga nikakutana na mashine
isiyokunywa dizeli, isiyodai umeme,
isiyoomba hata jua
(nalo jua la Umalila, nusu ya mwaka limejifunika blanketi).
Mhandisi Mwaihojo aliichora kwa chaki ya bluu:
maji yanashuka kwa kasi, vali inajifunga, ta!
yanashtuka, yanatafuta pa kutokea,
na machache, machache tu, yanakimbilia mlimani.
"Ndoo saba zinamwagika," alisema, "ili moja ipande."
Darasa zima likaandika.
Mimi kalamu ilisimama.
Nilikuwa nauangalia mkoba.

Ya kwanza niliiunda likizo ya Machi:
mtungi wa kuzimia moto, kutoka kwa wauza chuma chakavu Mwanjelwa,
bomba la inchi mbili la kuazima kwa fundi wa kanisa,
vali ya mpira wa kandambili.
Ikagonga mara tisa, ikanyamaza.
"Hiyo kandambili ni ya kushoto," akasema Anyosisye,
"jaribu ya kulia."
Tukacheka hadi tukakalia tope.

Nilifungua daftari, nikatafuta kanuni.
Yeye akaweka kiganja juu ya bomba, akafumba macho,
kama anavyompapasa ndama aliyevimba tumbo.
"Imemeza hewa," akasema.
"Hapa, kwenye kiungo."
Akakaza kwa kamba ya katani na lami,
akaishusha mashine hatua mbili zaidi bondeni,
na mimi, mwenye mwaka wa tatu na kikokotoo,
nilimshikia spana.

Usiku ikaanza.
Ko.
Ko.
Ko.
Mama akatoka na tochi: "Nani anabisha hodi?"
Maji ya kwanza yalifika kwenye pipa yakiwa mekundu,
yananuka udongo na kutu.
Hakupiga vigelegele.
Aliigeuza ndoo kichwa chini,
akaikalia kama kigoda,
akayasikiliza hadi jogoo akaona haya kuwika.

Siku ya kutetea mradi waliniuliza ufanisi.
Asilimia hamsini na tatu, nikajibu.
"Na haya yanayomwagika, hasara hii utaipunguzaje?"
Nikasema: Siyo hasara, waheshimiwa. Ndiyo yanayosukuma.
Yakitoka hapo yanarudi mtoni,
na watu wa chini yetu wanayachota vilevile.
Mmoja akaandika kitu. Mwingine akatazama saa.
Walinipa B.

Sasa ziko nne, mabonde manne,
na ghala la viazi linalopozwa kwa baridi ya usiku
tumelichora, bado tunatafuta mabati.
Watu wananiita Injinia, wananipa kiti.
Kiti ninakikalia, lakini hakijanizoea.

Kila Jumapili Anyosisye anashuka bondeni
na kopo la grisi na saa ya baba isiyo na mkanda.
Mapigo sitini na mbili kwa dakika, ndiyo afya yake.
Yakipungua hata mawili, ananipigia simu,
hasalimii, haulizi hali:
"Dada, njoo.
Kuna mtu anasinzia huku."