Koki

Daktari hakushika kisu.
Alitoboa pajani tundu la sindano,
akapenyeza mrija mwembamba kama uzi wa mkonge,
nami macho wazi, natazama kwenye kioo
mishipa yangu imejipanga kama mitaa ya Ngamiani,
barabara ya kwanza, ya pili, ya tisa.

"Hapa," akasema, "ndipo uvimbe unapokunywa."
Akamimina chembe ndogo kuliko uwele.
Damu yenyewe ikazibeba, zikaziba.

Miaka saba nilifua shuka gizani.
Miaka saba wifi ananiambia:
kitolewe hicho kizazi, upumzike.

Semboja, mume wangu, ni fundi bomba.
Nyumba ikifurika havunji ukuta,
hutafuta koki, hufunga, hungoja.
Nilipomweleza alicheka,
kisha akanyamaza muda mrefu
akibandua gundi vidoleni.

Usiku ule niliuma mto.
Hawakunificha: kitu kikifa kwa kiu
hakifi kimya.

Mwezi wa nne nikaenda barabara ya kumi na mbili,
nikanunua kitambaa cheupe, mita nne.
Muuzaji akauliza, "Pole, mna msiba?"
Nikamwambia, "Cha kuvaa."