Ongeza Dirisha

Bombo, Januari. Vumbi limekaa juu ya kila kitu
kama mgeni asiyejua kuaga,
na mteja amekuja kutaka bahari.

Si manukato ya harusi, alisema, si udi,
si ile khumra nzito inayomtangulia biharusi
hadi kona ya msikiti.
Nataka kitu chepesi. Cha kiangazi. Cha pwani.
Akatoa noti mbili, akazilaza chini ya kopo la karafuu
zisipeperuke.

Bibi yangu Mastura hajawahi kuiona bahari.
Ameona Nile pale Karuma, imekasirika,
na ziwa pale Gaba, limejaa boti na maganda ya miwa.
Lakini ashindwe na harufu? Yeye?
Akampigia simu Baluku, dereva wa lori,
na siku ya tatu mfuko ukashuka kutoka Katwe:
chumvi ya kijivu, bado ina tope,
chumvi iliyochubua miguu ya watu kabla ya kufika kwetu.

Tukaanza.
Ganda la limau, tulilikwaruza kwa mgongo wa kisu.
Mchaichai. Tango, moyo wake tu, ule wenye maji.
Bati la jikoni nililimwagia ndoo saa saba mchana,
naye bibi akainama, akaudaka mvuke kwa kitambaa cha pamba
kama mtu anayemfunika kuku.
Nikacheka. Akanitazama. Nikaacha.
Chumvi iliingia mwisho, kijiko kwa kijiko,
na chumba chetu cha moshi wa mgunga
kikanukia kana kwamba hakina kuta.

Nantume alirudi Alhamisi.
Alijipaka kwenye mkunjo wa kiwiko, akafumba macho,
akangoja. Nasi tukangoja.
Akatikisa kichwa.

Bahari siijui kwa miguu, alisema.
Miaka minne Maskati, ghorofa ya sita,
niliijulia kwenye dirisha la chumba cha kupigia pasi:
kipande cha upana wa leso,
kati ya tangi la maji na jengo la benki.
Dirisha lilifunguliwa alfajiri tu, kabla joto halijapanda.
Bosi wangu alipita nyuma yangu, ameshajipulizia kichupa chake cha buluu,
nami sikujua kipi ni yeye, kipi ni maji ya nje.
Siku ya kurudi nilimwomba dereva asimame ufukweni.
Dakika tano. Akasema tutachelewa.
Pasipoti yangu ilikuwa mfukoni mwake.

Hii yako, bibi, ina chumvi nyingi.
Punguza chumvi. Ongeza dirisha.

Nilidhani atamrudishia noti zake.
Watu wamewahi kufukuzwa humu kwa maneno madogo kuliko hayo.
Lakini bibi alivuta kigoda kwa kisigino.
"Kaa. Pasi ilikuwa ya mvuke, au kavu?"
Ya mvuke.
"Mashuka ya pamba?"
Pamba, na wanga kidogo.
"Fremu ya dirisha je, mbao?"
Alumini. Ikifika saa tatu huigusi.
"Na wewe? Wewe ulinukia nini?"

Hapo Nantume alinyamaza
hadi jogoo wa jirani akawika mara mbili bila sababu.

Sabuni ya mche, alisema. Na kitunguu.
Hata nikioga, kitunguu.

Bibi akafunga kichupa kile, akakisukuma pembeni,
juu ya rafu ya vitu vitakavyouzwa kwa wengine.
Kisha akanituma: nusu mche wa sabuni, ya bei rahisi,
wanga wa shilingi mia tano,
na nikipita kwa Twaha fundi cherehani
nimwombe pasi yake, nitairudisha kabla ya magharibi.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, jua limenishika usoni.
Na kitunguu? nikauliza,
nikitegemea wote wawili watacheka.

"Kipo jikoni," akasema bibi.
Alikuwa ameshaanza kufungua dirisha.