Chumba cha Sita, Hospitali ya Sur

Daktari Kuriakose alivua miwani
akasema kwa Kiingereza chake cha Kerala, polepole,
sentensi fupi: ndani yake "cure", mbele yake kanusho.
Kisha akanigeukia mimi, mkalimani wa bure,
nimpe bibi yangu kwa Kiswahili.

Niliomba ruhusa ya kunywa maji.

Kwenye korido, chini ya kiyoyozi kinachodondosha,
nikafungua kamusi ya simu.
Maana ya kwanza: kuponya. Hiyo naijua.
Maana ya pili: kutia samaki chumvi
na kumwanika asioze.
Nikasoma tena. Neno lilelile, herufi nne,
mgonjwa na nguru kitanda kimoja.

Nikashuka mpaka kwenye maandishi madogo, penye asili.
Kilatini, cura: uangalizi. Tena wasiwasi,
ule wa kuamka saa nane za usiku
kusikiliza kama mtu bado anapumua.
Kumbe wenye neno hawakuahidi kuponya.
Waliahidi kukesha.
Mtunza makumbusho naye katoka tumbo hilo,
na mdadisi pia, nduguye;
na neno lao la usalama, ukilifumua,
ni "bila wasiwasi" tu, basi.
Nikacheka peke yangu. Mfagizi akainua ufagio nipite.

Nikamwona Bi Shinuna juu ya paa letu, Al-Ayjah,
kanga kiunoni, kisu chenye mpini wa kufungwa uzi,
akimpasua nguru mgongoni, si tumboni,
chumvi ya mawe akiisukuma kwa dole gumba
hadi mfupani,
kama anayemfunga vifungo mtoto wa shule.
"Chumvi ya haya," husema, "ndiyo inayoozesha."
Mwaka wa pili huu figo zake zimeikataa chumvi.
Anawatia samaki, yeye anakula chapwa.

Nikarudi. Nikavuta kiti.
"Bibi, daktari anasema nikuangalie.
Anasema tukeshe nawe."

Alikunja pembe ya shuka, akaikunjua.
"Azza, usinitilie chumvi. Nimekatazwa."

Nikanyamaza.

"Neno lile nalijua kabla mama yako hajazaliwa.
Lilikuwa kwenye kopo la tumbaku la Mjomba Hilali, Mkunazini.
Nikamuuliza mwalimu, akasema ni majani
yaliyokaushwa kwa uangalifu yasiharibike.
Nikadhani Kiingereza chote kimekaushwa,
ndiyo maana kigumu kutafuna."
Akakohoa, akangoja kikohozi kiishe.
"Kasema hakuna, eh?"

"Hakuna, bibi."

"Haya. Mwambie ahsante, na avae miwani yake,
asije akachoma sindano mtu mwingine.
Na yule nguru wa Alhamisi mgeuze,
upande wa ngozi haujaona jua."

Daktari akauliza amesema nini.
Nikamwambia: anashukuru.
Na mimi sikutafsiri yote.

Saa tisa nikapanda paani. Zege linachoma nyayo,
paka wa jirani amelala kivulini mwa tangi la maji,
jicho moja kwenye samaki.
Nikamgeuza nguru kwa mikono miwili.
Chumvi ikaingia kwenye mchubuko wa kidole.
Nikaiacha iume,
nikaongeza konzi moja pale penye uti,
nikakaa. Paka hakuondoka.
Mimi pia.